Miguu ya Mama Pacha

Mwanzoni Mama Pacha aliulaumu ukanda wa cherehani. Alikuwa ameketi dirishani, anashona sketi za shule, na kila akikanyaga pedeli mashine ilikwenda kidogo kisha ikasinzia. Akabadilisha ukanda. Akatia mafuta, akailaza mashine chali, akapuliza vumbi na nyuzi zilizosokotana chini ya sindano. Wapi. Gurudumu lilizunguka vizuri kwa mkono, lakini likipewa mguu linasusa.

"Mashine hiyo imezeeka," alisema Pasi kutoka mezani kwake. Pasi alikuwa mpiga pasi, jibaba refu la mabega mapana lililokodi nusu ya chumba kile cha kazi, na mtaa mzima ulishasahau jina alilopewa na wazazi wake.

"Mashine haizeeki, kaka Pasi. Anayezeeka ni anayeikanyaga."

Alisema kwa utani, lakini alipoinama kutazama alikuta mguu wake wa kulia umelala ubavu, nusu juu ya pedeli na nusu nje, naye hana habari. Akaukamata kwa mikono miwili, akauweka sawa kama mtu anayepanga kifurushi kilichoanguka. Hakumwambia mtu.

Yalikuwa mengi ambayo hakumwambia mtu. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamemwanza miezi mingi nyuma, chini kidogo ya mabega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Aliyachukulia kuwa ni haki ya kazi. Nani amewahi kumwona fundi cherehani asiyelia mgongo? Alimeza vidonge vya kutuliza maumivu mpaka muuzaji wa duka la dawa akawa anamtolea kabla hajafungua kinywa. Kisha maumivu yakazunguka mbele, yakamkaza mbavu kama mkanda uliovutwa hadi tundu la mwisho. Jioni mwili ulichemka, asubuhi shuka limelowa jasho. Na alikuwa amekonda. Yeye aliyezoea kupunguza nguo za wateja alipunguza sketi zake mwenyewe, mara ya kwanza akifurahi, mara ya pili akinyamaza.

Habari za mgongo alizijua mama mkwe wake tu. Bibi huyo aliishi nao, na mikono yake ilikuwa mashuhuri. Wanawake waliotoka kujifungua, wazee waliokazwa na baridi, wachezaji mpira walioteguka, wote walipita mkekani kwake. Kila jioni, mapacha wakishakula, alimlaza mkaza mwana wake kifudifudi, akapasha mafuta, akamkanda. Siku za mwanzo ilikuwa raha. Baadaye ikawa adhabu. Vidole vilipopita juu ya mfupa mmoja, kitu kama umeme kilishuka mpaka kwenye nyayo, na Mama Pacha aliung'ata mto.

"Hapa pana kinundu," mama mkwe alimwambia. "Ni misuli imejikunja. Vumilia, mwanangu. Ukiona pameuma sana ujue dawa imefika."

Mama Pacha alivumilia. Mapacha walipozaliwa kabla ya wakati wao, wadogo kama viatu, ni mama huyu aliyewabeba kifuani usiku na mchana, mmoja kulia na mmoja kushoto, mpaka wakapata uzito wa watu. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba mikono yako inaniua?

Asubuhi moja, akielekea kazini, alisikia mwanamke anamkimbilia nyuma.

"Dada, umeacha ndara yako kule."

Akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa peku, vumbi limempanda hadi kwenye kifundo. Alikuwa amekanyaga kokoto za barabara nzima na hakusikia hata moja. Alimshukuru yule mwanamke, akacheka, akasema mawazo siku hizi ni mengi. Lakini alipofika kazini alipita moja kwa moja hadi uani, akaketi juu ya ndoo, akachomoa pini kwenye kola ya gauni lake, akajichoma unyayo. Aliiona pini inaingia. Aliona na kitone cha damu. Maumivu hayakuja.

Akaifuta damu kwa kitambaa, akarudi ndani, akaendelea kukata nguo akiwa amesimama, kiwiliwili kimeegemea meza. Alijikaza hivyo siku kadhaa. Wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenye hofu huwa hana nafasi ya methali.

Aliumbuliwa na miguu yenyewe. Alikuwa anainuka kumpokea mteja, na kuinuka kukakataa. Kiwiliwili kilikwenda mbele, miguu ikabaki, na Mama Pacha akaporomoka kati ya kiti na mashine. Pasi aliweka pasi yake ya mkaa pembeni akaruka juu ya kapu la nguo.

"Umeteleza?"

"Sijateleza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka Pasi, nishike miguu. Umeishika?"

"Nimeishika yote miwili."

"Mimi sisikii."

Pasi alitaka waende hospitali pale pale. Yeye aliomba apelekwe nyumbani kwanza, akajiambia kwamba anataka kubadili nguo. Ukweli ni kwamba aliogopa, na mtu akiogopa hukimbilia kwake. Pasi alimbeba mikononi kama bibi harusi, watu wakatoka milangoni kutazama, na mzaha ambao siku nyingine angeutoa aliumeza.

Mama mkwe alipoona mzigo huo unaingia mlangoni, alitandika mkeka bila kuuliza. Akawasha jiko la mafuta. Alikuwa ametulia, kwa namna ya mtu aliyezoea kuletewa watu wanaolia. "Mishipa imefunga," alisema. "Nitamwita na yule bwana wa kule mtaa wa juu, ana mkono mzito kuliko wangu. Tutamkanda wawili. Jioni atasimama."

Simu ya Baba Pacha haikupatikana. Alikuwa na lori safarini, katika zile sehemu za milima ambako mtandao huja na kuondoka kama mgeni.

Mama Pacha aliomba asaidiwe kwenda haja ndogo. Walimketisha, wakamwacha peke yake. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama mpira, na hakukutoka kitu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu alipoamka hajakwenda, na kwamba hakuwa ameona haja ya kwenda. Alisukuma mpaka macho yakamwuma. Hakuna. Ni kama mtu amefunga lango katikati ya mwili wake akaondoka na ufunguo.

Walimrudisha mkekani. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, mafuta yanang'aa viganjani.

"Mgeuze, Pasi."

"Asinigeuze," alisema Mama Pacha.

"Mwanangu, tusipoteze muda."

"Mama, ninakuheshimu, na Mungu ananiona. Lakini leo mgongo wangu usiguswe. Mkojo umegoma. Miguu imekufa. Mimi nakwenda hospitali."

"Mume wako hajui. Nikuache utolewe nyumbani kwa mwanangu bila yeye kujua, akija nimwambie nini?"

"Mwambie nilikataa. Mwambie mke wake alikuwa jeuri." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilibaki palepale. "Kaka Pasi, tafuta gari. Niwekeni juu ya mlango au ubao, mnilaze nimenyooka, msinikunje."

Mama mkwe alibaki na mikono hewani. Mafuta yalimchirizika hadi kwenye viwiko. Tangu mkaza mwana huyo aingie katika nyumba ile, hakuwahi kumsikia akisema hapana.

Daktari wa zamu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya chini na viatu vya kukimbilia. Hakuanza na dawa. Alimuuliza maumivu yalianza lini, yanazunguka wapi, kama anatoka jasho, kama amekonda, kama amewahi kuugua kifua au kupata uvimbe popote. Alimwambia ainue mguu wa kulia; haukuinuka. Wa kushoto ulitetemeka, ukainuka kidogo, ukaanguka. Akamfumba macho, akashika kidole gumba cha mguu.

"Nimekipeleka juu au chini?"

Mama Pacha alisikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba. "Hata sijui kama umekishika, daktari."

Akampitisha pamba na pini kutoka miguuni kuja juu. Hakuna, hakuna, hakuna, halafu ghafla, chini ya matiti, pini ikawa pini. Daktari alichora mstari kwa kalamu pale ilipoanza kuuma. Kisha wakamviringisha kwa pamoja, wauguzi watatu kwa sauti moja, na vidole vya daktari vikashuka kwenye uti wa mgongo pingili baada ya pingili. Kwenye kinundu aligonga mara moja tu. Mama Pacha alipiga ukelele uliomtoa Pasi kwenye benchi la korido.

Walimwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulijaa huku muuguzi akitikisa kichwa. Nafuu ya tumbo ilikuwa tamu hata akajionea aibu.

"Sikiliza, mama," daktari alisema, akavuta kiti mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Ndani ya mifupa ya mgongo kuna mfereji, na ndani ya mfereji inapita kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Ndiyo inayopeleka amri kwenye miguu na kwenye kibofu, na ndiyo inayorudisha habari. Nadhani kuna kitu kinaibana kamba hiyo, hapa kwenye kinundu. Nini, bado sijui. Yaweza kuwa uvimbe, yaweza kuwa usaha, yaweza kuwa mfupa umebomoka. Tunahitaji picha ya MRI leo hii. Kesho ni mbali."

"Ikibanwa sana inakufa?"

Binti yule hakukwepa. "Ikibanwa muda mrefu, ndiyo. Kwa hiyo hatukai."

Mashine ya picha ilikuwa katika hospitali kubwa. Walimfunga kwenye ubao, na gari la wagonjwa likaenda polepole kwenye mashimo na mbio kwenye lami. Mama mkwe, aliyewaacha mapacha kwa jirani, alikaa pembeni yake, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi.

Ndani ya mashine palikuwa pembamba kama jeneza, na kelele zake zilikuwa za karakana: gonga, kereza, gonga. Walimwambia asitikisike. Hilo lilimchekesha kwa uchungu. Nusu ya mwili wake isingetikisika hata kwa kuombwa. Akiwa katikati, kelele zikakatika, taa zikazima. Umeme. Alilala gizani, uso karibu kugusa dari, akisikia watu wanakimbia nje. Hofu ilimpanda na hakuweza kuikimbia, maana vya kukimbilia ndivyo vilivyokufa. Akaanza kuhesabu mishono ya kola: kunja, bana, shona, geuza. Alishona kola nyingi mno kabla jenereta haijanguruma na sauti haijamwambia kwamba wanaanza upya.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mtu mfupi, miwani ameipandisha kipajini. Aliinua picha mbele ya mwanga ili wote waione. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa na kulaliana, na kutoka hapo kitu cheupe kilikuwa kimetuna ndani ya mfereji. Kamba ya fahamu, ambayo juu na chini ilikuwa nene kama penseli, pale ilikuwa imebaki ukanda mwembamba.

"Nina mawazo mawili," alisema. "Kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa, au saratani. Picha inanivuta kwenye kifua kikuu, ila nitakuwa na uhakika nikichukua kipande kikapimwe. Vyovyote iwavyo, kinachobana lazima kitoke. Nataka kukufanyia upasuaji jioni hii."

"Sikohoi, daktari. Kifua kikuu kwenye mgongo?"

"Hupita kwenye damu, hukaa popote. Wengi wenye cha mgongo hawakohoi."

"Nitatembea?"

"Sitakudanganya. Unainua kidogo mguu wa kushoto, na umekuja mapema baada ya miguu kugoma. Hayo ni mazuri. Mkojo kufunga si kuzuri. Nikipasua unaweza kutembea, au usitembee. Tukikaa, sioni njia."

Mama mkwe alisafisha koo. "Daktari, mume wake hajapatikana. Hatuwezi kumsubiri hadi kesho?"

"Mama yangu, mgonjwa ana akili zake timamu. Atakalosema ndilo."

Wote walimgeukia. Mama Pacha aliwafikiria mapacha, akafikiria mume wake akishuka kwenye lori na kukuta ama jeneza ama kiti cha magurudumu. Akapiga moyo konde.

"Nipasueni," alisema.

Ilihitajika damu. Pasi alikunja mkono wa shati kabla hajaulizwa. Mama mkwe naye alijitokeza, akaambiwa umri umempita. Akabishana na muuguzi, akasema damu haina mvi, mpaka akaongozwa nje kwa upole. Kitanda kilipoanza kusukumwa aliwahi kukishika ukingo.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

Bibi alimfunika shuka hadi mabegani. Kisha akasema, "Watoto wako ninao," na milango ikafungwa.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Benchi la korido lilikuwa la chuma na halikumpenda mtu. Pasi alisinzia, akaamka, akaenda dirishani, akarudi. Mama mkwe alikaa wima muda wote akitazama viganja vyake. Alikuwa amevinawa kwa sabuni mara nyingi, lakini harufu ya mafuta ya kukandia ilikuwa bado imo. Daktari bingwa alipotoka, kofia imelowa, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Yuko hai. Tumetoa usaha mwingi na mfupa uliooza, tumeweka vyuma vya kushikilia. Kamba haijakatika. Sasa tunasubiri."

"Daktari." Bibi alimwonyesha viganja. "Nimemkanda kila jioni. Pale pale. Hii ndiyo iliyomharibu?"

Pasi aliangalia sakafu. Daktari alivua miwani.

"Ugonjwa haukuletwa na mikono yako. Ni vijidudu. Lakini mfupa uliooza haukandwi, mama, unaweza kuporomoka, na mgongo wenye homa na miguu yenye ganzi hauhitaji mafuta. Mngekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi."

Aliupokea ukweli huo akiwa amesimama. Alisema ahsante. Kisha akaomba aonyeshwe pa kukaa karibu na mgonjwa.

Baba Pacha alifika kesho yake, nguo zina mafuta ya lori, macho mekundu. Alimtazama mkewe amelala chali na mpira unaning'inia kitandani, akamgeukia mama yake. "Mama, umekaa na mtu miezi yote hii anakauka mbele yako, unamsugua tu? Unamsugua kama..."

"Baba Pacha," mkewe alimkatiza. Sauti ilikuwa bado imelegea kwa dawa ya usingizi. "Nilimficha. Pini nilijichoma mwenyewe uani nikanyamaza. Ukitaka kugomba, gombana na mimi, na uvute kiti kwanza."

Akavuta kiti. Aliweka kichwa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya mkewe, na akakaa hivyo. Mkewe hakuusikia uzito wa kichwa chake, na hilo lilimwuma kuliko kidonda.

Majibu ya maabara yalisema kifua kikuu. Neno ambalo siku nyingine lingemtisha mtu lilipokelewa wodini kama habari ya harusi, maana lina dawa. Vidonge ni vya mwaka na zaidi, daktari akamwonya, na siku utakayojiona umepona ndiyo siku ya kutokuacha. Familia nzima ilipimwa, na Pasi pia kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja. Wote walikuwa salama.

Lakini miguu ilinyamaza. Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi alimwambia, "Chezesha kidole," na kila asubuhi Mama Pacha alituma amri, akangoja, akatazama kidole kimelala kama cha mtu mwingine. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimgeuza ubavu kila baada ya muda, alivyofundishwa na wauguzi, mwili wote kwa pamoja kama gogo. Alimkagua visigino na makalio asije akapata vidonda vya kulalia. Mikono ile ile, ila sasa ilimgusa kwa hofu, kama inayogusa yai.

"Mama, mbona unanishika kama nitakuunguza?"

"Naogopa, mwanangu."

"Na mimi naogopa. Nishike tu."

Siku kidole kilipojibu, hakuna aliyekuwa anakitazama isipokuwa bibi. Alikuwa anamfuta nyayo kwa kitambaa cha maji moto. Akasimama ghafla, kitambaa mkononi.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya. Rudia."

Mama Pacha alituma amri. Kidole gumba cha kushoto kikainama, taratibu mno, kikarudi. Bibi alikaa chini sakafuni pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akafunika uso kwa kitambaa kile kile cha kufutia miguu.

Safari ya kutoka kwenye kidole hadi kwenye hatua ilikuwa ndefu na haikunyooka. Mkojo ulirudi kwanza, kisha mguu wa kushoto, kisha, kwa kusuasua, wa kulia. Alijifunza kukaa akiwa amefungwa mkanda mgumu wa mgongo, kusimama kati ya vyuma viwili ukutani, kusukuma fremu ya kutembelea. Alianguka mara moja, akalia kwa hasira, akainuliwa. Mguu wa kulia haukupona wote. Hadi leo huburura kidogo, na usipoangaliwa hujikwaa kwenye zulia. Daktari alimwambia huenda ukabaki hivyo. Mama Pacha akasema utabaki naye, basi, watazoeana.

Alirudi nyumbani mchana mmoja wa jua kali. Baba Pacha alitaka kumbeba kutoka kwenye gari, akakataa. Pasi alikuwa ameshikilia mlango, amevaa shati alilolipiga pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Mapacha walitoka mbio, kisha wakasimama mbali, hawajui kama mama yao bado anaweza kukumbatiwa.

"Njooni," aliwaambia. "Polepole. Mmoja kila upande."

Wakagombana kidogo nani ashike upande gani. Bibi yao aliwaamua kwa jicho. Mama Pacha akaitanguliza fremu, akapeleka mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akapita kizingitini akiwa amesimama.